Konokono Aliyeishitaki Rangi ya Meli

Kiashiria cha kibiolojia ni badiliko linalopimika katika mwili wa kiumbe hai, liwe kwenye ini, damu, seli au viungo vya uzazi, linaloonyesha kwamba kiumbe huyo ameguswa na kemikali yenye madhara. Baharini, viashiria vya namna hii hufanya kazi ambayo kupima maji peke yake hakuwezi kuifanya. Maji yaliyochotwa kwenye chupa hueleza yaliyokuwamo saa ile tu. Bahari ikijaa na kupwa, sumu iliyomwagwa usiku huenda isionekane asubuhi. Kiumbe anayeishi mahali pamoja miaka nenda miaka rudi amepitiwa na maji yote hayo, na athari zake zimebaki mwilini. Zaidi ya hapo, kipimo cha maji husema sumu ipo kwa kiasi gani, ilhali mwili wa kiumbe husema kama kiasi hicho kinadhuru.

Kuna mambo mawili yanayokaribiana ambayo hayafai kuchanganywa. Kome na chaza hula kwa kuchuja maji mengi, na katika kuchuja huko hulimbikiza metali na mafuta ndani ya nyama zao. Mwaka 1975 mwanasayansi wa Marekani Edward Goldberg alipendekeza kome watumike kufuatilia uchafuzi wa pwani duniani kote, na tangu 1986 Marekani ina mpango wa taifa wa kazi hiyo. Hapo kome ni mkusanyaji: nyama yake hupelekwa maabara ili ijulikane imebeba nini. Kiashiria cha kibiolojia huenda mbele zaidi. Hakiishii kuuliza kiumbe amebeba nini, bali huuliza alichokibeba kimemfanya nini. Wataalamu wa uchafuzi wa bahari walijifunza thamani ya swali hilo la pili kupitia mkasa uliochukua takriban miaka 40, nao ni mkasa wa konokono na rangi ya meli.

Chombo chochote kikikaa majini hugandiwa. Kwanza hutanda utelezi, kisha huja mwani, kome na vijidudu vyenye magamba, mpaka chombo kinakuwa kizito na kulemea matanga au injini. Mabaharia wa majahazi ya Bahari ya Hindi walikuwa na dawa yao: chombo hupandishwa ufukweni, hukwanguliwa, kisha sehemu izamayo majini hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya wanyama. Kazi hiyo ilipaswa kurudiwa mara kwa mara. Katika miaka ya 1960 viwanda vya rangi vilileta dawa kali zaidi, tributilitini, ambayo wataalamu huiita TBT. Ni kemikali iliyoundwa kwa madini ya bati na vipande vitatu vya haidrokaboni. Katika miaka ya 1970 ikatokea rangi iliyojimenya yenyewe kidogo kidogo kadiri meli inavyokwenda, ikiachia TBT mpya kila siku. Meli iliweza kukaa miaka mitano bila kuingizwa kwenye chelezo. Mafuta yaliokolewa, gharama zikashuka, na rangi hiyo ikaenea kwenye meli za mizigo, meli za kivita na mashua za starehe. Hakuna aliyeuliza kwa uzito kinachoachiwa na rangi hiyo kinakwenda wapi.

Dalili ya kwanza ilionekana kabla hata rangi hiyo haijashukiwa. Mwaka 1970 mtafiti S. J. M. Blaber alichapisha makala fupi kuhusu konokono wa miamba aitwaye Nucella lapillus katika ghuba ya Plymouth, kusini magharibi mwa Uingereza. Alikuta majike waliokwisha kutaga wakiwa na kiungo kidogo kinachofanana na uume, nyuma ya pembe ya kulia. Aliona pia kwamba majike wa aina hiyo walikuwa wengi karibu na ghuba na wachache kadiri mtu anavyokwenda mbali nayo. Mwaka uliofuata, B. S. Smith aliona jambo kama hilo kwa konokono wa matope wa Marekani, akaliita imposeksi, yaani viungo vya dume kuota juu ya mwili wa jike. Smith hakuishia kulipa jambo jina. Aligundua kwamba konokono wa maeneo yenye mashua nyingi ndio walioathirika, akawahamisha wengine kutoka maji safi kwenda kwenye maegesho ya mashua, akajaribu kimoja kimoja vitu vinavyotoka kwenye mashua. Mwaka 1981 alitangaza kwamba chanzo ni TBT iliyomo ndani ya rangi.

Wakati huohuo, nchini Ufaransa, sumu hiyohiyo ilikuwa inawamaliza wafugaji wa chaza bila wao kuijua. Ghuba ya Arcachon ni kitovu cha ufugaji wa chaza na pia ni kituo kikubwa cha mashua za starehe. Katika miaka ya 1970 wafugaji walivuna kati ya tani 10,000 na 15,000 kwa mwaka. Kuanzia 1977 vichanga wa chaza wakawa hawashiki kwenye vigae walivyowekewa, mwaka baada ya mwaka. Chaza waliokuwa tayari wakubwa nao waliharibika. Magamba yao yalinenepa kwa tabaka juu ya tabaka zenye mapengo yaliyojaa ute, mpaka chaza akawa mviringo kama mpira, nyama ikiwa kidogo ndani na hafai kuuzwa. Mavuno ya 1981 yalishuka hadi karibu tani 3,000. Claude Alzieu na wenzake walifuatilia na kuonyesha kwamba unene huo wa magamba ulikwenda sambamba na wingi wa mashua na wa TBT. Mnamo Januari 1982 Ufaransa ikapiga marufuku rangi hizo kwa mashua ndogo. Msimu huohuo vichanga walianza tena kushika.

Huko Plymouth, Geoffrey Bryan na Peter Gibbs wa Chama cha Biolojia ya Bahari walirudi kwenye miamba iliyochunguzwa na Blaber. Ripoti yao ya 1986 ilieleza kwamba jamii za Nucella karibu na bandari na maegesho ya kusini magharibi mwa Uingereza zilikuwa zinapungua: majike wachache, vifuko vichache vya mayai na vichanga wachache. Walithibitisha chanzo kwa njia tatu. Walihamisha konokono kutoka mwamba safi hadi mto wenye mashua, wakawaweka wengine katika maji yenye TBT maabarani, na wakapima bati ndani ya nyama zao. Majibu ya njia zote tatu yaliafikiana.

Uchunguzi wenyewe ni rahisi kiasi cha kustaajabisha. Konokono wapatao 40 huokotwa maji yakipwa. Hulazwa kwa chumvi ya magnesi, gamba huvunjwa taratibu kwenye jiliwa, na mwili hutazamwa kwa hadubini ndogo. Jike hutambulika kwa tezi yake ya kutengenezea vifuko vya mayai. Kisha mpimaji huangalia kama kuna uume, akaupima urefu, na kama kuna mrija wa mbegu za kiume, akaangalia umefika wapi. Mrija huo una hatua za kupimwa kutoka 0 hadi 6. Katika hatua za mwanzo jike bado huzaa kama kawaida. Ikifika ya 5, nyama ya mrija imekua na kuziba tundu la uzazi. Katika hatua ya 6 vifuko vya mayai vilivyoshindwa kutoka vimelundikana ndani, vyeusi na vimeharibika, na mara nyingi humuua mwenyewe. Anayepima huona kwa macho yake kiungo cha uzazi kimezibwa na rangi ya chombo kilichoegeshwa kilomita kadhaa mbali na mwamba.

Kiasi cha sumu kilichotosha kuleta hayo ndicho kilichowashtua wanakemia. Imposeksi huanza TBT ikiwa chini ya nanogramu 1 katika lita moja ya maji, na majike huanza kuwa tasa ikizidi nanogramu chache tu. Nanogramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 1 iliyotawanywa ndani ya lita bilioni moja. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa taabu hata kwa maabara nzuri kupima kiasi hicho kwa uhakika. Konokono alikuwa ameshakipima bila kifaa, tena kwa muda wa maisha yake yote.

Nucella alifaa kazi hiyo kwa sababu za maumbile yake. Mayai yake hubandikwa kwenye mwamba, na vichanga hutoka wakitambaa badala ya kuelea baharini kama lava, yaani wachanga, wa viumbe wengine. Hahami mbali, hivyo hali yake inahusu mwamba ule alipookotwa. Sababu hizohizo humfanya awe dhaifu. Jamii ikimalizika mahali, hakuna lava waletwao na mkondo kuijaza upya, na mwamba unaweza kukaa mtupu kwa miaka mingi. Hapo ndipo wataalamu walipojifunza kwamba kukosekana kwa konokono nako kunasomwa: katika sehemu zilizochafuka zaidi hapakuwa na jike wa hatua ya 6 wa kuokota, kwa kuwa hapakuwa na konokono kabisa.

Sheria zilifuata kwa awamu. Mwaka 1987 Uingereza ilizuia TBT kwa vyombo vya chini ya mita 25, Marekani ikapitisha sheria yake 1988, na nchi za Ulaya zikafuata 1989. Meli kubwa ziliachwa, kwa hoja kwamba hukaa bahari kuu ambako sumu huzimuka. Konokono wakaipinga hoja hiyo. Katika Bahari ya Kaskazini, konokono wakubwa wa vilindi waliokusanywa kwenye njia za meli walikutwa na imposeksi, na iliongezeka kadiri meli zinavyoongezeka. Huko Sullom Voe, visiwani Shetland, ambako meli kubwa za mafuta hutia nanga, konokono waliopimwa tangu 1987 waliendelea kuonyesha athari wakati wale wa maegesho ya mashua walipokuwa wameanza kupona. Tarehe 5 Oktoba 2001 Shirika la Kimataifa la Usafiri Baharini, IMO, likapitisha mkataba wa kuzuia rangi zenye sumu ya bati: hakuna meli kupakwa rangi hiyo kuanzia Januari 2003, wala kubaki nayo kuanzia Januari 2008. Mkataba ulianza kutumika rasmi Septemba 2008. Tangu hapo hatua za mrija zimeshuka katika pwani nyingi zilizopimwa, na konokono wamerudi kwenye miamba ambako walikuwa wametoweka. Mashapo ya bandari bado yana TBT ya zamani, hasa panapokwanguliwa meli, hivyo kazi ya kupima haijaisha.

Jambo moja la kisayansi lilichelewa kuliko sheria. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba TBT huzuia kimeng'enya kinachogeuza homoni za kiume kuwa za kike. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha njia nyingine: TBT hushika kipokezi cha seli kiitwacho RXR na kukiwasha, na hicho ndicho kinachoamuru viungo vya kiume viote. Wakati huo marufuku ilikuwa imekwisha kuanza. Kiashiria kilikuwa kimefanya kazi kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya siri yake kujulikana, kwa sababu uhusiano wake na sumu ulikuwa umethibitishwa uwanjani na maabarani.

Mbali na imposeksi, mwili wa kiumbe wa bahari una viashiria vingine vingi, na kila kimoja huelekeza kwenye kundi fulani la sumu. Kwa metali kama kadimiamu na zebaki kuna metalothionini, protini iliyogunduliwa 1957 katika figo ya farasi, ambayo mwili huiongeza ili kuyafunga madini hayo. Kwa viuatilifu vya jamii ya organofosfeti kuna asetilikolinesterasi, kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva baada ya kufika. Kikipungua kwenye ubongo au misuli ya samaki, mtu hutazama mashamba ya juu ya mto. Vitelojenini ni protini ya kiini cha yai ambayo jike huitengeneza kwenye ini. Dume hana haja nayo. Ilipokutwa kwa wingi katika damu ya madume ya samaki wa midomo ya mito kama Tyne na Mersey, Uingereza, miaka ya 1990, ilijulikana kwamba maji taka yalikuwa yanabeba vitu vinavyoiga homoni za kike.

Kwa mafuta ya petroli, kiashiria kinachotumika zaidi ni CYP1A, kimeng'enya cha ini kinachoongezeka kiumbe anapojaribu kuzivunja kemikali za mafuta. Tarehe 24 Machi 1989 meli Exxon Valdez ilipasuka katika ghuba ya Prince William, Alaska, na kumwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi. Miaka ilipita, fukwe zikaonekana safi, na wengi wakaamini mambo yamekwisha. Mabata wa baharini wanaotafuta chakula kwenye kokoto za ufukwe hawakukubaliana na macho ya watu. Karibu miaka 20 baadaye CYP1A yao ilikuwa bado juu kuliko ya mabata wa sehemu ambazo mafuta hayakufika, kwa kuwa mafuta yalikuwa yamejificha chini ya kokoto na mabata waliyafukua kila walipokula.

Kipo pia kipimo kisichotaja sumu kwa jina lakini kinachotaja afya. Ndani ya seli za damu za kome kuna lisosomu, vifuko vinavyomeng'enya taka. Damu kidogo hufyonzwa kwa sindano kutoka kwenye msuli wa kome, hutiwa rangi nyekundu ya maabara, na mtazamaji huhesabu dakika hadi rangi ianze kuvuja kutoka kwenye vifuko. Ulaya huchukulia kwamba kome mzima huishika kwa dakika 120 au zaidi, na akishindwa kuishika kwa dakika 50 yuko katika taabu kubwa. Kipimo hiki kinafaa mwanzoni mwa uchunguzi: husema mahali hapa kuna tatizo, na viashiria mahususi hutumwa kuutafuta mzizi.

Uzoefu huu haukosi maonyo. Homoni na vimeng'enya hupanda na kushuka kwa joto la maji, chumvi, umri na majira ya kuzaa, hivyo samaki wa mahali pachafu wanapaswa kulinganishwa na wa mahali safi wa jinsi, ukubwa na msimu uleule. CYP1A inaweza kushuka sumu inapozidi sana, na asiyejua hilo huweza kuyaita maji mabaya kuwa mazuri. Hata imposeksi ina ubaguzi wake. Huko Dumpton Gap, Kent, Gibbs alikuta jamii ya Nucella ambayo baadhi ya madume hawana uume kwa sababu ya urithi, na majike wake hawakuzibwa kama ilivyotazamiwa. Jamii hiyo ilinusurika mahali ambapo nyingine ingekufa, na namba zake zingeweza kumpotosha mpimaji aliyetazama mwamba mmoja tu. Kwa hiyo wataalamu hutumia viashiria kadhaa kwa pamoja, na hulinganisha maeneo kwa mstari kutoka kwenye chanzo kinachoshukiwa hadi mbali.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kila sababu ya kuyazingatia haya. Bandari za Mombasa, Dar es Salaam, Unguja na Mtwara ziko mlangoni mwa mikoko na mabwawa ambamo kina mama huokota chaza, kombe na tondo kwa kitoweo na kwa kuuza. Konokono walio jamaa wa Nucella wako kwenye miamba yake, na imposeksi imerekodiwa katika zaidi ya spishi 200 za konokono duniani. Jiliwa, chumvi ya magnesi na hadubini ni vifaa vinavyopatikana chuoni. Kisichoweza kuagizwa kutoka nje ni msingi wa kulinganishia. Maji ya kusi si maji ya kaskazi, na mvua za masika hupunguza chumvi katika midomo ya mito kiasi cha kubadili miili ya viumbe hata pasipo sumu. Spishi za huku zinapaswa kupimwa katika misimu yote, kwenye mwamba wa bandari na kwenye mwamba wa mbali, kabla ya namba yoyote ya Ulaya kutumiwa kuzihukumu.

Mafunzo yanayobaki ni manne. La kwanza ni kwamba dalili ndogo iliyoandikwa vizuri haipotei: makala fupi ya 1970 ndiyo iliyowapa watafiti wa 1986 mwanzo wa kulinganishia, na bila hiyo wasingejua imposeksi imeongezeka kiasi gani. La pili ni kwamba ushahidi wenye nguvu hutoka pande zaidi ya moja. Aliyehamisha konokono, aliyewalea maabarani na aliyepima nyama zao walipokubaliana, wenye viwanda hawakuwa na pa kusimamia. La tatu linauma: madhara yalijulikana kwa konokono kwanza, lakini hatua ya kwanza ilichukuliwa pale chaza wa biashara walipoharibika. Kiumbe asiye na bei sokoni alitoa taarifa ileile, na jamii iliyomsikiliza mapema ingewaokoa wafugaji hasara yao. La nne ni kwamba kiashiria hakimalizi kazi yake sheria inapotungwa. Kipimo kilekile kilichoonyesha madhara ndicho kilichoonyesha kwamba marufuku ya mashua ndogo haikutosha, na kwamba ile ya 2008 imefaa. Nchi inayotaka kujua kama sheria zake za mazingira zinatekelezwa haina budi kuendelea kupima, mwamba uleule, kwa njia ileile, mwaka hadi mwaka.